Keki Isiyo na Sukari

Maneno ya kwanza ambayo mama mkwe wangu aliwahi kuniambia mimi mwenyewe yalikuwa haya: "Hapa hujaniona."

Nilikuwa nimemwona, tena vizuri sana. Ilikuwa asubuhi, kwenye foleni ya kliniki ya wagonjwa wa sukari pale hospitali ya Mulago. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mama mwenye nyumba wangu, na yeye alikuwa watu watatu mbele yetu, ameshika kichupa cha mkojo alichokizungushia leso nyeupe kana kwamba anapeleka sadaka. Alipogeuka tukagongana macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanijia, akasema hayo, akarudi kwenye nafasi yake. Nilikuwa mchumba wa mwanawe mwaka mzima na hakuwahi kunisemesha. Nikienda kwao anamwambia mwanawe, "Mwambie mgeni chai iko tayari," nami nimekaa hapo hapo, kikombe kiko mbele ya pua yangu.

Hakunipenda, na sababu nilizijua. Mimi ni mtu wa Nakuru, nilikuja Kampala kufanya kazi ya kupiga chapa katika kampuni ya malori, na lugha yangu ni Kiswahili. Kwa mama yule, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliogonga mlango wake kwa kitako cha bunduki. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, lakini mlango ulikuwa ule ule na alama zake zilikuwapo. Siwezi kumlaumu. Nikajifunza Kiganda chapuchapu, kibovu, nikawa napiga magoti sebuleni kwake na kumsalimu kama kasuku, naye anaitika huku anatazama ukuta.

Ugonjwa wake ulikuwa siri kubwa. Miaka ile, mtu akikonda Kampala hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Watu walishajua, au walidhani wanajua, maana midomoni mwao ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Na yeye alikuwa mjane, tena kiongozi wa akina mama wa kanisa. Basi sukari ilipoanza kumkondesha akaongeza vikoi. Wanawake wa Kiganda huvaa kikoi ndani ya gomesi, lile vazi lao refu la mabega yaliyochongoka, ili nyonga zijae, kimoja kinatosha. Yeye alikuwa anavaa vinne. Kukaa kwenye kiti ilikuwa kazi ya hatua kwa hatua. Hata mwanawe hakuambiwa, kwa sababu mume wangu, Mungu ambariki, hana siri. Mwambie jambo asubuhi, saa sita linajulikana mpaka Kibuli. Mimi leo naandika bila hofu kwa kuwa mama mwenyewe, miaka mingi baadaye, alisimama kanisani akayasema yote, akawahimiza wenzake wakapime.

Lakini wakati ule tulikuwa tunaelekea harusini, na harusi ya Kampala ina jambo moja ambalo halikwepeki. Bibi harusi hupiga magoti mbele ya mama wa bwana harusi na kumlisha keki kwa mkono wake, watu wote wakitazama. Mama akifungua mdomo, umepokelewa. Asipofungua, basi tena. Mtaani kwangu, Kamwokya, kulikuwa na mama aliyegeuza uso siku ya harusi ya mwanawe kwa sababu ya jino. Jino tu, jamani! Ndoa ile ilivunjika baadaye kwa mambo mengine kabisa, na mpaka kesho watu watakuambia ilianzia kwenye keki.

Sasa piga hesabu na mimi. Nesi wa kliniki alikuwa amewaonya wote kwa sauti ya kusikika barabarani: "Hata kijiko kimoja! Hata cha kuonja!" Na mwezi ule ule mama mkwe alikuwa ameanguka kanisani, akasema ni joto. Akila keki yangu, ataugua. Asipoila, amenikataa mbele ya watu mia tatu, na mimi nitabaki kuwa yule Mkenya ambaye hata mama alimgeuzia uso. Niliogopa yote mawili, lakini nikisema ukweli, la pili niliogopa zaidi. Nikaamua kutafuta keki isiyo na sukari, na sababu nisimwambie mtu.

Nilikuwa sijaijua kamati.

Harusi ya Kampala haiwahusu sana watu wawili wanaooana. Inahusu kamati. Yetu ilikutana kila Jumapili baada ya ibada, katika darasa la kwanza la shule ya msingi, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja, mkuu wa bohari aliyestaafu, ambaye kila akinigeukia alihamia Kiswahili chake kwa heshima yangu.

"Bibi harusi," akaniambia, "sisi nataka keki ya kazi ya bwana. Bwana yako nasoma mita ya maji. Sasa keki iwe tangi. Tangi na bomba. Na maji natoka!"

Wakapiga makofi. Bwana mmoja wa nyuma akapendekeza iwe mita yenyewe, na tarakimu zake ziwe tarehe ya harusi. Wakajadili. Nilidhani wanatania, mpaka wakapiga kura. Tangi likaishinda mita kwa kura mbili. Kisha ikaja orodha ya wanaostahili keki yao ya pekee: mama wa bwana harusi, wazazi wangu, shangazi wa bwana harusi, kanisa, idara ya maji, na kamati.

"Kamati?" nikauliza.

"Kamati nayo nachoka," alisema mwenyekiti.

Keki saba, pamoja na tangi. Nikanyoosha mkono. "Naomba keki ya mama isitiwe sukari."

Mwenyekiti akavua miwani. "Bira sukali?"

"Bila sukari."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe."

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, akauliza kama kwetu Kenya mama mkwe hutukanwa kwa njia hiyo. Nikaona macho yote yananitoboa. Na hapo, Mungu anisamehe, nikatunga. Nikasema ni mila ya kwetu Nakuru: mama wa mume hulishwa keki isiyo na sukari, ili utamu wote ubaki ndani ya ndoa ya watoto.

Banange! Waliipenda mila ile! Mwanamke mmoja alifuta machozi. Katibu akaiandika kwenye kumbukumbu za kikao na kuipigia mstari. Shangazi akasema basi hata yeye atapunguziwa sukari, kwa kuwa naye ni mzazi. Nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba magunia.

Kazi ikawa kumpata fundi. Wa kwanza alikuwa Kibuli, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma na unga mabegani. Tangi halikumtisha hata kidogo. Alishatengeneza keki ya lori, ya kitanda cha hospitali, na moja ya ng'ombe ambayo watu waligombania chuchu. Akaniuliza tu kama maji yawe ya moto au baridi. Lakini nilipofika kwenye ile ya mama alinitazama kwa huruma.

"Binti yangu, keki bila sukari ni mkate. Mkate unauzwa pale ng'ambo."

"Nataka keki, mzee."

"Ni mkate, binti yangu. Hata ukiuvika shela."

Nikamwachia tangi na zile tano, nikaenda kutafuta mwingine.

Wa pili alikuwa wa Mulago, dada wa makucha mekundu, ambaye sebule yake ilijaa keki za ghorofa tatu, nyeupe, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Nikagusa moja kwa kucha. Ikalia ko, ko. Nikarudia. Ko, ko.

"Hiyo ni ya kukodisha," akasema bila haya. "Imeshaenda harusi nyingi kuliko padri. Ya kula ni hiyo ya juu tu. Hizi za chini ni masanduku, nayapaka sukari kila msimu."

"Ndani hakuna sukari?"

"Ndani ni mbao, nyabo. Mbao haina sukari."

Nakiri kwamba nilisimama pale nikafikiria. Nilijiona nimepiga magoti na kipande cha mvule kwenye uma. Ndiyo hali niliyokuwa nimefikia.

Wa tatu nilimpata karibu na kwangu, Kamwokya, nyuma ya soko. Alikuwa mama wa Kikongo, mnene, mwenye sauti nzito, aliyeoka mikate kwenye pipa lililokatwa katikati, makaa chini na makaa juu. Nikamweleza ninachotaka, na mila yangu ya Nakuru nikaiweka mbele kabla hajauliza.

Akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga. Kisha akaacha kucheka. "Weye. Mama yangu alikufa na ile sukari, kule kwetu Bukavu. Minakuuliza: nani iko mugonjwa?"

"Hakuna. Ni mila."

"Nani iko mugonjwa?"

Nikalia. Nililia pale pale kwenye moshi, mtu mzima, nikamwambia kwamba kuna mama ambaye hanipendi, na siku ya harusi lazima ale kutoka mkononi mwangu, na akila atadhurika, na sina ruhusa hata ya kujua anaumwa. Yote yalitoka. Yeye akanisikiliza huku anageuza mikate.

"Bon," akasema. "Minafanya. Sasa unalia juu ya nini?"

Tukaanza majaribio. Karanga za kusaga, mayai mengi, maziwa, mdalasini, unga kiduchu. Keki ya kwanza ilikuwa ngumu. Kuku wa jirani waliidonoa, wakatazamana, wakaenda zao. Ya pili ilibonyea katikati. Ya tatu ilikuwa laini, ina rangi ya keki, inanukia keki, lakini mdomoni unatafuna na kusubiri, unatafuna na kusubiri, kisha imekwisha. "Muzuri sana," alisema Mama wa Kikongo, huku anakunywa maji. Ikabaki ile rangi nyeupe ya juu, ambayo kwa mafundi wengine ni sukari tupu. Yeye akachukua mafuta meupe ya kupikia ya kopo, akayapiga na maziwa ya unga mpaka yakasimama, akaipaka keki, akaisawazisha kwa kisu cha moto. Ukiitazama huwezi kuitofautisha na zile nyingine. Tukaifunga utepe wa kijani ili nisiichanganye na nyingine.

Mzee wa Kibuli alipopata habari kwamba kuna mtu ameweza, alipanda boda boda mpaka Kamwokya kuja kuhakikisha. Tukampa kipande cha majaribio. Akatafuna akiwa amefumba macho, muda mrefu. "Kazi safi," akasema hatimaye. "Inahitaji sukari."

Siku ya harusi ikafika. Kanisani sikumbuki vizuri, nilijibu nilipoulizwa. Nakumbuka hema. Keki saba zimepangwa kwenye vyuma vyake, tangi katikati, kubwa, la kijivu, limeandikwa majina yetu, na bomba la kweli ambalo mzee wa Kibuli alilifunga kwenye ndoo iliyofichwa juu. Mwenyekiti alikuwa amejipa heshima ya kulifungua. Akalifungua. Maji yakatoka, watu wakashangilia, na kufunga ikashindikana. Idara nzima ya maji ilikuwa imekaa pale, mafundi kumi na kitu waliovaa tai, na kila mmoja akawa anamwelekeza mwenzake. Walipoziba kwa leso, keki ya kanisa ilikuwa imeshayeyuka upande mmoja na kuonyesha mbavu. Kwenye meza ya pili baba yangu, ambaye alifika jana yake kutoka Nakuru na hajawahi kusikia mila ya keki bila sukari, aliulizwa na shangazi aieleze. Akaieleza nusu saa. Akataja mpaka babu yake.

Mimi nilikuwa natazama utepe wangu wa kijani tu. Ulikuwapo. Nikashusha pumzi.

Mshereheshaji akawataka watu wataje herufi za neno keki moja moja, wakataja kwa kelele, tukakata tangi. Kisha msimamizi wangu akaniletea sahani yenye vipande na uma. Vipande vya kahawia, vyenye matunda, vinang'aa kwa sukari.

"Sasa ni zamu ya mama," akanong'ona. "Piga magoti."

"Ya mama iko wapi?"

"Ya mama ipi?"

"Keki yake! Yenye kijani!"

Akanitazama kana kwamba nimeshikwa na homa. "Ile anabeba kwenda nayo nyumbani, bambi. Nzima, imefungwa. Kulisha ni kwa hii iliyokatwa. Kila mtu analishwa hii."

Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Harusi zote nilizohudhuria Kampala nilikaa nyuma ya nguzo ya hema na wageni wenzangu, nikaona watu wanalishwa na keki zinagawiwa, nikajumlisha mwenyewe. Miezi yote ile ya pipa, kuku, na uongo wa Nakuru, nilikuwa nalinda keki ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuilinda. Nilitaka ardhi inimeze na gauni langu.

Lakini mshereheshaji alishatangaza. Nikajikuta nimepiga magoti. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, gomesi ya samawati, mpana kwa vikoi vyake vinne, uso mdogo juu yake. Mpiga picha za video akatuwekea taa usoni. Watu mia tatu wakanyoosha shingo. Nikainua uma kwa mkono wa kulia, na wa kushoto nikaukinga chini ya kidevu chake, kama tunavyofanya sote, makombo yasimwagike.

Nikanong'ona kwa Kiganda changu kibovu: "Mama, hii ina sukari. Nisamehe. Nilikutengenezea nyingine. Geuza uso tu. Watasema wanavyosema."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Nilikuwa nimehangaika miezi ili nisikataliwe, na sasa namwomba anikatae. Nilikuwa namaanisha.

Akanitazama. Si ukutani, mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake yana rangi gani. Kisha akafungua mdomo wazi kabisa, ili hata wa nyuma ya nguzo waone, akaipokea keki yote.

Vigelegele! Ngoma! Na kabla sijapumua, akainama akanikumbatia. Alinivuta mpaka shela langu likatufunika wote wawili, mkono wangu wa kushoto umebanwa katikati ya vifua vyetu, na ndani ya giza lile jeupe nikasikia kitu cha moto na chepesi kinaanguka kiganjani mwangu. Keki. Nzima, hajaitafuna hata kidogo.

"Kunja ngumi, mwanangu," akaniambia sikioni. "Usiiangushe."

Nikakunja. Alinishika vile vile kwa muda, akapangusa midomo kwenye bega la gauni langu, ndipo akaniachia, akawapungia watu mkono huku anatafuna hewa. Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi. Watu walisema hawajawahi kuona mama mkwe anayempenda bibi harusi namna ile.

Gauni halikuwa na mfuko, na taa ya video haikuniacha. Nilikaa na ile keki ngumini mpaka mwisho. Nilipokea zawadi kwa mkono mmoja. Nilicheza dansi ya kwanza na ngumi mgongoni mwa mume wangu. Alipotaka kunishika mkono wa kushoto nikamnyima, shangazi akamwambia jirani yake kwamba wameshaanza kugombana. Sukari iliyeyuka ikashuka mpaka kwenye kiwiko, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu, watu wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha.

Ile yenye utepe wa kijani alienda nayo nyumbani, akaila yote peke yake, wiki nzima. Aliniambia, na safari hii aliniambia mwenyewe bila kumpitia mtu, kwamba hajawahi kula kitu kibaya kama kile tangu azaliwe.

Picha zilipotoka tulikaa naye sebuleni kuzitazama. Mume wangu akafungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili, akarudi nyuma. Kuanzia kwenye keki, kila picha niliyomo, mkono wangu wa kushoto umekunjwa ngumi.

"Mbona unaonekana kama unataka kupiga mtu?" akaniuliza. "Ulikuwa na nini?"

Mama mkwe akamnyang'anya albamu, akaiweka mapajani mwake.

"Mwache mwenzako," akasema. "Alikuwa amenishikia kitu changu."